Mganda Uliosahauliwa

Kwa Myahudi anayeshika dini, mgomba si mti. Akiwa na ndizi mkononi, kabla ya kuitia mdomoni, hamshukuru Mungu kwa kuumba tunda la mti. Humshukuru kwa kuumba tunda la ardhi, dua ileile anayoisoma juu ya kiazi na karoti. Yosef Karo, mwanasheria wa mji wa Safed ambaye kitabu chake cha sheria kilichapwa Venice mwaka 1565, aliitaja ndizi kwa jina lenye asili ya Kiarabu, mauzi, akaiweka katika kundi hilo. Hoja iliyo nyuma ya hukumu hiyo ni ya mkulima kabla ya kuwa ya mwanachuoni: mti ni ule ambao ukichuma tunda lake, mwili wake hubaki, na msimu ujao huzaa tena. Mgomba ukishatoa mkungu umemaliza kazi yake duniani. Unakatwa, na mwanawe aliyekuwa amesimama ubavuni anashika zamu.

Niliposoma hukumu hiyo nilicheka, kisha nikamkumbuka bibi yangu. Shambani kwake migomba ilikuwa na ukoo, mama na mwana na mjukuu, na alijua kila mmoja umezaliwa na upi. Mwembe hakuuhesabu hivyo. Kiswahili kimeviweka vyote katika ngeli moja, mgomba, mwembe na mnazi, bila kudai ushahidi wowote. Lakini bibi hakuhitaji sarufi imwambie kipi hufa kikishazaa na kipi hubaki.

Elimu ya kilimo katika jadi ya Kiyahudi huanzia hapo, mdomoni, mtu akiwa na njaa. Mtoto aliyelelewa ghorofani Brooklyn au Paris, ambaye hajawahi kushika jembe, inampasa ajue nanasi huota wapi kabla ya kulila, maana dua ya kinachoota juu ya mti si dua ya kinachoota chini. Mkate una yake. Divai ina yake. Akikosea atasahihishwa palepale mezani, mbele ya wageni. Ni mtihani wa mimea unaofanywa mara kadhaa kwa siku, na msimamizi wake ni tumbo.

Mtihani huo ulifanywa kwa karne nyingi na watu ambao hawakuwa na shamba. Katika nchi nyingi za Ulaya Wayahudi walikatazwa kumiliki ardhi. Walikuwa wafanyabiashara, mafundi cherehani, wakopeshaji, wachuuzi, na bado vijana wao waliketi kwenye mabenchi ya madrasa wakibishana juu ya miganda ya ngano. Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika Galilaya yapata mwaka 200, umegawanywa sehemu sita, na ya kwanza inaitwa Zeraim, yaani Mbegu. Ina vitabu 11. Kimoja tu, cha dua, hakihusu shamba moja kwa moja. Vinavyobaki ni vya pembe za shamba, zaka, mazao yasiyochanganywa, mwaka wa saba, malimbuko. Talmudi iliyotungwa huko Galilaya, karibu na mashamba yenyewe, inavifafanua vyote. Talmudi ya Babeli, iliyokuja kuwa kubwa na kusomwa zaidi, inafafanua kile kimoja cha dua na kuviacha vingine, kwa sababu sheria nyingi za kilimo katika Torati zimefungwa na nchi. Ukitoka nje ya mipaka ya nchi ya Israeli, nyingi hazikushiki.

Hapo ndipo penye kichekesho kilichonivuta kuandika haya. Tangu miaka ya 1990 yamekuwa yakichipuka Marekani mashamba ya Kiyahudi ya kufundishia, na yanafundisha hasa zile sheria ambazo hapo yalipo hazimlazimishi mtu.

Mfano ninaoujua vizuri zaidi uko Falls Village, kijiji cha jimbo la Connecticut, kwenye kituo cha Isabella Freedman. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulianzishwa hapo mpango ulioitwa Adamah. Vijana wa umri wa miaka ishirini na kitu huenda wakaishi miezi michache. Asubuhi na mapema wanasali, kisha wanaingia bustanini. Wanapalilia, wanahudumia mbuzi, wanatia matango na kabichi kwenye maji ya chumvi yachachuke kama walivyofanya bibi za bibi zao Poland na Lithuania. Kabla yake, mwaka 1994, ulianza mpango wa Teva wa kuwapeleka watoto wa shule za mjini siku kadhaa msituni. Huko, kila baada ya mlo, mabaki ya sahani zote hukusanywa na kupimwa kwenye mizani, kisha watoto hujaribu mlo unaofuata mizani isome uzito mdogo kuliko wa mlo uliotangulia. Nyuma ya mchezo huo kuna amri ya Kumbukumbu la Torati inayomkataza askari kukata miti ya matunda hata akiwa ameuzingira mji wa adui. Marabi waliichukua amri ya vitani wakaileta jikoni: ukiharibu chochote kinachofaa, umekata mti.

Jina la Adamah limekuwa kubwa. Mwaka 2023 shirika la Hazon, lililokuwa likiendesha kituo hicho, liliungana na kituo cha Pearlstone cha karibu na Baltimore, na kwa pamoja wakalichukua. Mswahili hana haja ya mkalimani kulielewa. Binadamu ni bin Adamu, na Adamu wa Kiebrania anatoka katika adama, udongo. Tumelipokea neno kwa mkono wa Waarabu, tunalitumia kila siku sokoni na bungeni, na kila tunapolitamka tunasema, bila kukusudia, mwana wa udongo. Lipo na neno jingine. Ibada yetu ni ndugu wa damu wa neno la Kiebrania avoda. Sisi tulipolichukua tulibaki na upande wa kusujudu tu. Kwa Kiebrania shina hilohilo hutumika kwa kazi ya kuhani hekaluni na kwa kazi ya mtu anayelima, na katika Mwanzo mtu anawekwa bustanini ailime na kuilinda kwa kitenzi hicho. Kwa hiyo kijana wa Connecticut anayesali alfajiri na kupalilia saa mbili asubuhi hajabadilisha shughuli, kwa mujibu wa kamusi yake.

Naona tofauti moja kubwa kati ya mashamba haya na yale yaliyoyatangulia. Mwaka 1894 rabi Joseph Krauskopf wa Philadelphia alisafiri hadi Urusi kumwona Tolstoy, na Tolstoy akamsihi awatoe Wayahudi katika msongamano wa mijini awarudishe ardhini. Aliporudi alianzisha shule ya kilimo Doylestown, Pennsylvania, mwaka 1896. Leo ni Chuo Kikuu cha Delaware Valley. Robo karne kabla yake, mwaka 1870, Charles Netter alikuwa ameanzisha Mikveh Israel karibu na Jaffa. Shule hizo ziliwafundisha Wayahudi kilimo. Haya ya leo yanatumia kilimo kuwafundisha Uyahudi. Mwanafunzi wa Krauskopf alikuwa akitafuta riziki. Wa leo, mara nyingi, ana shahada tayari, na anachokitafuta ni sababu.

Nasema hivyo bila dhihaka. Ila mtu anayetafuta sababu hupenda mashairi, na hatari ya mashamba ya namna hii ni kuigeuza sheria kuwa shairi. Mimi mwenyewe niliingia kwa mlango huo. Nilikulia katika mahubiri ya Ruthu akiokota masazo nyuma ya wavunaji wa Boazi, na mahubiri yote yalikuwa juu ya upole wa Boazi. Nilipokuja kusoma kitabu cha Mishna kiitwacho Pea, maana yake pembe, nilitafuta upole nikakuta vipimo.

Pembe ya shamba unayomwachia maskini haina kipimo, kinasema, kisha hapohapo kinaweka kipimo: isipungue sehemu moja ya sitini, na mtu aangalie ukubwa wa shamba, wingi wa maskini na wingi wa mavuno. Masuke yakikudondoka mkononi wakati wa kuvuna, mawili ni ya maskini, matatu bado ni yako. Hiyo ni kauli ya shule ya Hillel. Shule ya Shammai ilisema hata matatu ni ya maskini, na mwenye shamba huanzia manne. Hebu fikiria. Watu wazima, wasomi, wamegawanyika makundi mawili kwa ajili ya suke moja la ngano, na ubishi wao umehifadhiwa kwa miaka elfu moja na mia nane kana kwamba suke hilo bado liko chini linangoja mwenyewe.

Si sadaka. Ndilo jambo lililonichukua muda kulielewa. Mwenye shamba hana shukrani ya kupokea hapa, maana hajatoa chake. Haruhusiwi kuchagua maskini gani aingie na yupi abaki nje. Hagawi. Pembe huachwa ikiwa bado imesimama ardhini, na maskini wenyewe huingia kuvuna. Kitabu kinaleta kesi: maskini tisini na tisa wanamwambia mwenye shamba tugawie, na mmoja anasema tuachie tuchukue wenyewe. Anasikilizwa yule mmoja, kwa kuwa amesema kama sheria isemavyo. Isipokuwa kwa mzabibu uliopandishwa juu na mtende. Hapo mwenye shamba ndiye hupanda, akashusha, akagawa, na tisini na tisa wakitaka kujikwelea na mmoja akitaka kugawiwa, huyo mmoja ndiye husikilizwa. Mtu yeyote wa pwani aliyewahi kumwangalia mkwezi akiwa juu ya mnazi siku ya upepo hahitaji kuelezwa kwa nini.

Kuna zaidi. Maskini wasivune pembe kwa mundu wala wasiing'oe kwa majembe, wasije wakaumizana katika kugombania. Shamba lifunguliwe kwao mara tatu kwa siku, na wafafanuzi wanaeleza sababu: asubuhi kwa ajili ya wanaonyonyesha, kabla watoto hawajaamka, adhuhuri kwa ajili ya watoto, alasiri kwa ajili ya wazee, ambao hutembea polepole na hufika jioni. Na kwa nini pembe iachwe mwisho wa shamba, wala si popote mwenyewe apendapo? Rabi Shimoni anatoa sababu, na mojawapo ni hii: ili asije akavizia saa ambayo hakuna mtu, akamwita jamaa yake maskini akamwambia njoo haraka uchukue. Nyingine ni ili maskini wasishinde kutwa nzima wakingoja, wakisema sasa ataacha, sasa ataacha. Aliyeandika hayo alimjua mwenye shamba, na alijua pia kungoja kulivyo.

Nilipofika hapo niliwaza mpeta, karafuu zinazoanguka chini ya mikarafuu Pemba na Unguja, na wanawake na watoto wanaopita wakiziokota. Mwenye shamba mmoja huwaachia, mwingine huwafukuza. Sina uhakika kwamba ni vizuri zaidi kuwa na sheria. Palipo na ujirani wa kweli, sheria ya masuke mawili inaonekana ya kibahili. Lakini ujirani hutegemea moyo wa mtu uliamkaje leo, na anayeokota anakuwa na njaa hata siku ambayo mwenye shamba ameamka vibaya.

Sasa swali la mwalimu wa Connecticut. Pembe anaweza kuifundisha. Atawapeleka wanafunzi ukingoni, atawaambia hapa msivune, na watoto watapima kwa kamba sehemu moja ya sitini. Maskini wa leo hakai ukingoni mwa shamba, yuko mjini, kwa hiyo mboga zitapakiwa garini zimfuate. Kitu kinapotea njiani, kile cha maskini kuingia kwa miguu yake na kuchukua kwa mkono wake, lakini kitu kinafika. Zaka anaweza kuifundisha. Kutokuchanganya mbegu, kutomfunga ng'ombe na punda jembe moja, yote yana somo lake. Isipokuwa amri moja, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Torati inasema ukivuna ukasahau mganda shambani, usirudi kuuchukua. Ni wa mgeni, yatima na mjane. Katika Tosefta, mkusanyo ulio jirani wa Mishna, kuna kisa cha mcha Mungu mmoja aliyesahau mganda katikati ya shamba lake. Alifurahi hata akamwambia mwanawe aende akatoe kwa niaba yake dhabihu ya ng'ombe, na si mmoja bali wawili. Mwana akashangaa: baba, una nini cha kuishangilia amri hii kuliko amri nyingine zote? Akajibiwa kwamba nyingine zote Mungu alizipa ziwe mbele ya akili zetu, bali hii haiji kwa kukusudia. Tungeitaka kwa nguvu zetu zote, isingetimia.

Mzee yule aliona kitu ambacho shule yoyote ya kilimo ingekipata kigumu kukiweka kwenye ratiba. Huwezi kupanga kusahau. Ukiamua kuacha mganda ili uwe umeusahau, umetoa sadaka, na sadaka ni nzuri, lakini si hiyo. Ili amri itimie lazima uwe umefanya kazi hadi umechoka, macho yakapita juu ya kitu chako bila kukiona, na baadaye, ukiwa tayari umefika nyumbani, ukumbuke, na usirudi. Somo lote liko katika kutorudi. Nimewahi kusoma miongozo mingi ya bwana shamba, ya nafasi kati ya mashimo, ya mbolea ya kupandia na ya kukuzia, ya namna ya kupunguza upotevu wa mavuno. Ni mizuri, na imewalisha watu. Yote inamfundisha mkulima asisahau kitu. Hakuna hata mmoja unaomwambia afanye nini na alichokwisha kukisahau.

Lakini mtu anayesema mgeni, yatima na mjane atangulie kujibu mgeni ni nani. Ardhi ya Mikveh Israel ilikodishwa kutoka kwa dola ya Osmani, jirani na kijiji cha Yazur. Shule ilikua, ikazalisha wakulima kwa vizazi. Mwaka 1948 Yazur ilibaki bila wakazi wake Waarabu. Siwezi kusoma kitabu cha Pea nikaliruka hilo, na nadhani mwalimu mwaminifu wa shamba lolote la Kiyahudi haliruki pia. Hata kwetu hadithi hii ilikaribia kufika. Mwaka 1903 Uingereza iliwapa Wazayuni nafasi ya kuhamia uwanda wa Uasin Gishu, ule wenye mji wa Eldoret leo, ingawa wazungu waliuita mpango wa Uganda. Mkutano wao wa 1905 uliukataa. Miaka hiyohiyo Wanandi walikuwa vitani na Waingereza kuilinda nchi yao, na katika kumbi za Basel ambako mpango ulijadiliwa kwa machozi, hakuna aliyewauliza. Pembe ya shamba ni jambo zuri sana, mradi shamba ni lako.

Wayahudi waliokuja Kenya baadaye walikuja wachache na kwa namna nyingine, wakikimbia. Stefanie Zweig aliandika riwaya, iliyotoka mwaka 1995, juu ya utoto wake: baba wakili wa Kijerumani aliyejikuta mwaka 1938 akisimamia shamba la mzungu mwingine, hajui ng'ombe wala mahindi, akifundishwa na Waafrika aliopaswa kuwasimamia. Huyo naye alikuwa mtu wa kitabu aliyetupwa shambani, na kitabu hakikumsaidia sana.

Mahali ninapoona mambo haya yamekutana bila kupangwa ni Mbale, chini ya Mlima Elgon. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa Uganda ya mashariki kisha akakosana nao, aliisoma Biblia mpaka akafikia uamuzi wake mwenyewe, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Ndio mwanzo wa Abayudaya, Wayahudi wa Uganda. Walikuwa wakulima kabla ya kuwa Wayahudi, na Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao waliendelea kulima na kusali kwa siri. Mwaka 2004 mmoja wao, J. J. Keki, mwanamuziki na mkulima aliyekuwa New York siku ya tarehe 11 Septemba 2001 na kuona yaliyotokea, aliwaendea majirani zake Waislamu na Wakristo wakaanzisha ushirika wa kahawa. Waliuita Mirembe Kawomera, kwa Kiganda amani yenye ladha tamu, na kahawa yao ikauzwa hadi Marekani. Kwa hiyo wapo Wayahudi wa Marekani waliojifunza kitu juu ya kilimo na dini kutoka kwenye kikombe cha Mbale, wakati mashamba yao wenyewe yalikuwa bado machanga.

Huko Mbale kalenda yenyewe ni mtihani. Sala ya Kiyahudi ina ombi la mvua, na nje ya nchi ya Israeli huanza kusomwa tarehe 4 au 5 Desemba, hesabu iliyorithiwa kutoka Babeli. Desemba ndipo Mbale inapoanza kukauka. Masika yao ni Machi hadi Mei. Talmudi inakumbuka kesi inayofanana: watu wa Ninawi waliandika kwa rabi wakasema sisi tunahitaji mvua hata kiangazi, tufanyeje? Wakajibiwa kwamba wao ni kama mtu mmojammoja mwenye shida yake, waombe mahali pa sala pa maombi binafsi. Kila nikilisoma jibu hilo nauona ukanda wetu wote wa ikweta umo ndani yake, watu wenye mvua mbili na kalenda ya wengine, wakiambiwa muombe, lakini pembeni.

Mkristo na Mwislamu wa Mbale wana lugha ya kutosha ya kuzungumza na jirani yao juu ya shamba. Kuna kauli ya rabi Yohanani ben Zakai kwamba ukiwa na mche mkononi ukaambiwa Masihi amefika, panda kwanza, kisha nenda ukampokee. Na kuna hadithi ya Mtume, iliyopokewa na Anas, kwamba Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, akiweza kuupanda aupande. Sijui ni nani aliyesikia kwa nani, na mche haujali.

Juu ya mwaka wa saba, ambao ardhi hupumzishwa na mazao yake kuwa ya kila mtu, nitasema kidogo, kwa kuwa ndio unaosemwa sana. Wa mwisho ulikuwa kati ya Septemba 2021 na Septemba 2022. Mwingine utaanza Septemba 2028. Wakulima wa Palestina ya Osmani walipobanwa nao, marabi wakubwa waliruhusu ardhi iuzwe kwa muda kwa asiye Myahudi, ilimwe, kisha irudi, na ruhusa hiyo bado inabishaniwa. Wengine huona ni ujanja. Mimi naona ni dalili kwamba sheria iko hai: aliyekufa hakuna anayehangaika kumkwepa.

Kinachonikera mimi siku hizi ni mpapai. Sheria ya orla inasema tunda la mti haliliwi miaka mitatu ya kwanza, na ni mojawapo ya chache zinazovuka mipaka. Hiyo inamfunga Myahudi popote alipo, Connecticut au Mbale. Kwa mwembe au mchungwa haina ugumu, maana miaka hiyo miti yenyewe bado inajijenga. Lakini mpapai huzaa kabla ya mwaka kwisha, na ukishafika wa nne umeanza kuzeeka. Ukiuita mti, umeufuta kabisa mezani. Yosef Hayyim wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1909, aliulizwa juu yake, na marabi waliomfuata waliendelea kuuchunguza: shina lake ni tupu ndani, unazaa upesi, matunda hushikamana na shina lenyewe, na kila mwaka yanakuwa madogo. Wengi walihitimisha kwamba ni ndugu wa mgomba kuliko wa mwembe, kwa hiyo unaliwa. Hoja ya shina tupu ingekubaliwa na kila mtoto wa huku aliyewahi kukata bua la jani la mpapai akalipuliza kama tarumbeta.

Mimi si Myahudi, wala hakuna sheria inayonizuia. Nyuma ya jiko langu kuna mpapai wa miezi kumi na moja, na tunda moja limeanza kugeuka rangi upande wa jua. Wiki nzima napita karibu nalo nikilitazama. Jana jirani yangu alisimama uani akaniuliza nangoja nini, ndege watalitoboa. Nikamwambia nimelisahau. Akacheka, maana alijua sijalisahau.